Gari Lisilopumzika

Mgeni hakupiga hodi. Aziza alikuwa uani akianika shuka za mama mkwe wake, na juu ya kamba akaona kichwa cha mwanamume asiyemjua kikilizunguka gari lao polepole, kama mnunuzi anavyomzunguka ng'ombe. Mtu yule aliinama akachungulia chini ya bampa, akapapasa rangi ya mlango, kisha akatoa simu akaipiga picha namba. Kijana wa bodaboda aliyemleta kutoka Kilindoni alikaa juu ya pikipiki yake kivulini, anamenya chungwa, hana haraka.

Aziza alihisi tumbo likikaza. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tisa, na siku hizi hofu yoyote ilimshukia huko huko. Alijitanda kanga, akasogea hadi pembeni mwa nyumba, akasalimia yeye kwanza ingawa ndiye mwenyeji. Mgeni aligeuka kwa haya. Alikuwa kijana mwenye shati lililopigwa pasi na viatu vyeusi vya ofisini vilivyojaa mchanga. Alijitambulisha kwa jina la Emmanueli, akasema amevuka kuja Mafia na boti ya Nyamisati, ametoka Dar es Salaam, na anamtafuta mwenye hii Veranza.

"Mwenyewe hayupo," Aziza alisema. "Kama mmekuja kulichukua, msubirini mwenyewe."

"Kulichukua? Hapana, dada. Nimekuja kuliona likitembea."

Jibu hilo lilimtisha zaidi. Kwa alivyowajua watu wa Dar, hawavuki maji kuja kuona gari la mtu likitembea. Emmanueli akaongeza, kwa sauti ya kusifu, kwamba jana pale Kilindoni watu walimwambia gari hili limeonekana Kirongwe, kaskazini kabisa, na leo analikuta Ndagoni. "Hili gari linapumzika saa ngapi, dada?"

Aziza hakuweza kutabasamu. Jana gari lile lilikuwa pale pale lilipo, na juzi vilevile. Kuku mmoja alishaanza kutaga chini yake. Kijana alipoomba asikie mlio wa injini, Aziza alimwambia ufunguo anao mume wake. Ufunguo ulikuwa umetundikwa kwenye msumari, nyuma ya mlango aliouegemea.

Kutoka ndani Bi Mize, mama yake Matano, aliuliza ni nani huyo anayeingia majumbani mwa watu bila kubisha. Tangu alipopooza upande mmoja, mdomo ndio uliobaki na nguvu zote. Emmanueli alisogea mlangoni akamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Unauza au unanunua?"

"Nauza, mama."

"Basi umepotea njia. Ndagoni hakuna mwenye pesa. Mpe maji, Aziza, arudi alikotoka."

Lakini Emmanueli hakurudi. Alikunywa maji, akavua viatu, akakaa kwenye ukingo wa baraza kumngoja Matano. Aziza alirudi kwenye kamba yake, na kila alipobana nguo alimwona kijana yule akilitazama gari kwa macho ya mtu anayeomba kitu.

Matano alirudi alasiri kutoka shamba la watu alikokuwa akifua nazi. Ile haikuwa wiki yake ya gari, na wiki isiyo yake aliishi kwa vibarua. Hilo ndilo jambo ambalo hakuna mtu kisiwani aliyelijua, ukiacha nyumba mbili na fundi mmoja.

Veranza ni gari la kati, lenye buti, refu na tulivu, lakini halina ndugu: spea za gari jingine haziliingii. Kampuni iliyokuja kupima barabara ilivusha mawili meupe kwa jahazi la mizigo, na ilipoondoka iliyaacha yauzwe kwa bei yoyote, kwa sababu hakuna aliyeyataka. Moja alilichukua Matano. La pili alilichukua Mwalimu Benedicta wa Kirongwe, mwanamke wa bara aliyekuwa akimlea peke yake binti yake mwenye sikoseli. Lakini maji ya chumvi yaliyaingia siku ya kuvushwa, na kabla ya mwaka kuisha yote mawili yalikuwa yamekufa kwa ugonjwa mmoja. Kulikuwa na kikasha cha bati chini ya dashibodi, kipana kama kiganja, mafundi hukiita kontrol boksi. Bila hicho injini haiwaki. Fundi Sudi wa Kilindoni alitafutisha Gerezani yote, kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, mpaka kikapatikana kimoja kilichotumika, kwa bei ambayo nyumba moja isingeiweza. Wakachanga nusu kwa nusu.

Tangu hapo kikasha kiliishi kama mtoto wa wazazi walioachana: wiki moja Ndagoni, wiki moja Kirongwe. Kila Jumamosi adhuhuri kilikabidhiwa gereji kwa Sudi, ndani ya ndoo ndogo ya mchele mkavu ili kisipate unyevu. Siku ya kwanza Mwalimu Benedicta alikuwa ameushika mkono wa Aziza, si wa Matano, akamwambia, "Mama Warda, tukubaliane kitu kimoja. Ikifika Jumamosi nisije nikakuomba. Na wewe usiniombe. Tukianza kuombana tutagombana." Aziza alikubali. Hawakuandikiana wala kuapa.

Wao hawakuficha. Ni kwamba hakuna aliyeuliza. Magari mawili meupe, sura moja, hayakuonekana barabarani siku moja hata mara moja, na watu wa Kilindoni wakaamini ni gari moja tu: la Matano, ambalo mwalimu hulikodi. Wakalihesabia safari za yote mawili. Wakalipa jina la Yatima kwa kukosa ndugu, kisha wakaanza kulisifu kwamba yatima huyu hapumziki.

Sifa hiyo ilikuwa imevuka maji ikamfikia tajiri wa Emmanueli, mwenye yadi ya magari. Emmanueli alieleza hayo barazani, huku Matano akiosha miguu. Tajiri alikuwa ameagiza shehena ya Veranza akidhani zitauzika kama karanga, na sasa zilikuwa zimesimama yadini majani yanaota kwenye magurudumu. Wateja walikuja, wakalipenda gari, wakaulizia spea, wakaondoka. Yeye alikuwa ametumwa kutafuta mahali pamoja ambapo gari hili lina jina zuri. Asiporudi na oda, asirudi kazini.

"Nisaidie kaka," alisema. "Wewe zunguka nami tu, watu wakuone. Wakiagiza, yadi italeta spea zake hapa hapa Mafia na wewe utakuwa wakala. Na boksi, na radieta, na kila kitu, seti nzima ya kwanza ni yako. Bure."

Matano aliacha kumimina maji. Alimtazama Aziza, naye Aziza alimtazama.

Mwaka juzi, kabla hawajawa na gari, Aziza alipakiwa kwenye pikipiki akiwa na uchungu, kati ya dereva na Matano, na njia ya mchanga ya Ndagoni ikamtikisa mpaka akaomba washuke. Mtoto alizaliwa kando ya njia juu ya kanga, na hakulia. Walimpa jina la Warda. Gari lilinunuliwa kwa sababu hiyo. Matano alikuwa ameweka makumbi ya nazi kwenye kila sehemu yenye mchanga mzito mpaka barabara kubwa, kwa mikono yake, ili gari lisikwame. Alikuwa amemwahidi mkewe kwamba hatapanda pikipiki na mimba tena. Lakini ahadi hiyo ilikuwa na nusu tu ya mwaka, kwa sababu nusu nyingine kikasha kilikuwa Kirongwe.

Muuguzi wa kliniki alikuwa amemwambia Aziza asingoje uchungu ukomae, na kama anaweza aje akae karibu na hospitali. Aziza alijibu atajaribu. Hakumweleza kwamba mama mkwe wake hajigeuzi kitandani, kwamba Matano hakuwa na dada, na kwamba mwanamume hawezi kumwosha mama yake.

Usiku ule kila alipojigeuza aliwaza jambo moja: itakuwa wiki ya nani.

Jumamosi iliyofuata kikasha kilirudi kwao, na Matano akaanza kumzungusha Emmanueli. Walikwenda kwa wenye magari wa Kilindoni, mmoja mmoja: watumishi wa ofisi za wilaya, wenye maduka, watu wa hoteli. Wengi walikuwa na magari madogo yale yale ambayo kila mtu anayo, na waliyapenda kwa sababu hiyo hiyo. Afisa mmoja alieleza bila kuficha kwamba hanunui gari la kuendesha, ananunua gari la kuuza. Gari lake akiamka nalo asubuhi ana shida, jioni limeshapata mtu. Hilo la kwenu, aliuliza, siku mtoto wangu akirudishwa nyumbani kwa ada, nitamuuzia nani?

Mzungumzaji wao mkubwa alikuwa Ukasha, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na mwenyekiti wa wenye magari wa mjini. Aliwapokea akiwa amekaa juu ya mifuko ya saruji, na hakuwakaribisha kukaa. Emmanueli alizungumza wima muda wote, jasho likimtiririka kwenye kola, akisifu ulaji wa mafuta, nafasi ya nyuma, ukimya wa injini. Ukasha alimsikiliza akichokonoa meno.

"Gari hilo ukilinunua umelioa," alisema mwishowe. "Na halina talaka."

Wapakuaji wa saruji wakacheka. Emmanueli naye alicheka kidogo, ili asionekane amechekwa.

"Lakini nisiwe mwongo," Ukasha akaendelea. "Nimeliona kwa macho yangu. Mvua, jua, Kirongwe, Ndagoni, wiki inaingia wiki inatoka, halilali. Yangu mimi mawili yanalala kwa fundi kuliko yanavyolala kwangu." Akamtolea Matano kidole. "Sasa tufanye hivi. Jumamosi njoo nalo gereji kwa Sudi, nitawaita wenzangu. Utuachie wiki nzima, tulikimbize wenyewe. Likitoka salama, mimi naweka oda mbili, na hawa wengine nitawasukuma. Si chini ya sita."

Emmanueli alimshika Matano begani kwa furaha. Hakujua kwa nini bega lile lilikuwa gumu.

Matano alimwambia ukweli njiani, wakiwa wanarudi Ndagoni, kioo kikiwa chini na upepo ukimsaidia kutomtazama. Emmanueli aliuliza mara mbili, kama hajasikia. Kisha wakafika kwenye makumbi ya nazi na gari likaanza kunesanesa.

"Nani mwingine anajua?"

"Fundi. Mwalimu. Mke wangu."

"Basi asijue mwingine, kaka. Nakuomba. Ni wiki moja tu."

Wakapanga pale pale, gari likiwa limesimama. Emmanueli atakaa Kilindoni wiki hiyo ya majaribio na simu mkononi. Aziza akishikwa, saa yoyote, hata kama gari liko kwa Ukasha, yeye mwenyewe ataliendesha mpaka mlangoni kwake. Oda zikitimia, boksi lao wenyewe litakuja na boti ya kwanza. Matano alilipima jambo hilo kila upande na hakuona tundu ila moja. Nalo lilikuwa Kirongwe: wiki hiyo ilikuwa ya Mwalimu.

Aliuliza kama yadi isingeweza kumuuzia boksi moja tu, alipe kidogo kidogo. Emmanueli akasema kila boksi liko ndani ya gari linalouzwa, na tajiri hafungui hata taa bila oda. Alishaomba.

Matano alimweleza mkewe jioni, wakati anamsaidia kumgeuza Bi Mize. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu aliyerudia maneno peke yake kabla. Halafu akafika palipokuwa pagumu.

"Mwalimu hatuwezi kumwomba. Mlikubaliana hivyo. Basi mwambie limekufa. Mwambie boksi limeingia maji, liko kwa Sudi linakaushwa, asubiri wiki. Wewe atakuamini."

"Kwa nini asikuamini wewe?"

Matano alikung'uta mto wa mama yake, akauweka.

"Aziza, mimi nilikaa na wewe kando ya njia ile," alisema. "Sitaki kukaa tena."

Sauti yake ilikatika mwishoni. Siku zote Aziza alidhani hofu ni yake peke yake, kwamba Matano aliimaliza kwa kupanga makumbi barabarani. Bi Mize alikuwa amefumba macho kama aliyelala, lakini kope zake zilicheza.

Aziza alichukua simu akatoka nje, kwenye jiwe ambalo mtandao hushika. Alikuwa ameyapanga maneno: boksi, maji, Sudi, wiki moja. Mwalimu Benedicta alipokea kabla simu haijalia mara ya pili, na kabla Aziza hajasema kitu alianza yeye. Alisema Mungu amemsikia, alikuwa anawawaza hivi sasa. Macho ya binti yake, Blessing, yamekuwa ya njano tangu juzi, na mvua ndiyo imeanza, na mvua ikianza mifupa yake huanza. Safari iliyopita ilikuwa alfajiri, akalia njia nzima mpaka hospitali, na kila shimo alilopita alimwomba mtoto radhi. "Lakini Jumamosi si mbali," alisema. "Nikiwa na lile boksi ndani nalala. Lisipokuwepo, nakaa tu nikimsikiliza anavyopumua. Sijui kama unanielewa, Mama Warda."

"Nakuelewa," Aziza alisema.

"Wewe ulikuwa unasemaje?"

Aziza alilitazama gari. Lilikuwa safi, Matano alikuwa ameliosha kwa ajili ya Jumamosi, na kuku aliyekuwa akitaga chini yake alikuwa amehamia kwenye lundo la kuni.

"Nilikuwa nasalimia," alisema. "Tutaonana."

Alipoingia ndani Matano alisimama, akamuuliza amejibu nini. Aziza akasema amekubali. Hakuwa na nguvu ya kueleza ni nani aliyekubali na nini. Matano alishusha pumzi ndefu. Usiku ule alilala mara moja kama mtoto, na mkewe alikaa akisikiliza mvua, akijiuliza kama ile iliyoanguka Kirongwe ilikuwa kubwa kuliko hii.

Jumamosi Aziza aling'ang'ania kwenda. Jirani alikubali kukaa na Bi Mize mpaka jioni. Matano alimwendesha taratibu juu ya makumbi, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine tayari kumshika, ingawa gari halikuruka hata mara moja. Lilikuwa gari zuri. Aziza aliliwaza hilo kwa uchungu: viti vilimpokea mgongo, mtikisiko haukufika tumboni. Kama wangelijua watu, lingeuzika.

Gereji ya Sudi ilikuwa imejaa. Wenye magari walisimama makundi makundi wakila korosho, Ukasha katikati yao kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Sudi mwenyewe, mnyamavu wa kawaida, alijipa kazi ya kufuta spana ambazo hazikuwa chafu. Emmanueli alikuwa amevaa shati lile lile, limefuliwa. Alisema maneno yake, na siku ile aliyasema vizuri. Boneti likafunguliwa, injini ikawashwa, na kweli haikusikika zaidi ya paka. Watu waliinama, wakanusa mafuta, wakakaa viti vya nyuma watatu watatu, wakatoka wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Afisa wa wilaya aliuliza bei mara ya pili, akaandika kwenye simu. Mtu wa hoteli akauliza kama rangi nyeusi ipo.

Ukasha alinyanyuka. Injini ikiwa bado inawaka, Matano alimkabidhi ufunguo wa akiba mbele ya wote, na Ukasha akaurusha hewani akaudaka.

"Wiki moja," alisema. "Tuone kama yatima kweli hana usingizi."

Hapo ndipo Aziza alipomwona Mwalimu Benedicta. Alikuwa ameshuka kwenye haisi ya Kirongwe na kusimama langoni, na mkononi alikuwa na ndoo yake ndogo ya mchele, kifuniko chake kimefungwa kwa kitambaa cha jikoni. Uso ulikuwa wa mtu ambaye hajalala. Alilitazama kundi la wanaume, akalitazama gari linalounguruma, akauona ufunguo mkononi mwa mtu asiye mwenye gari. Alimtafuta Matano kwa macho. Matano alikuwa akitazama chini.

Mwalimu hakuelewa, lakini alianza kuelewa. Aziza aliona jambo hilo likimpita usoni, na aliona midomo yake ikifunguka. Neno lilikuwa linakuja. Lingekuwa neno la upole tu, samahani, au jamani, au nawaombeni, na likishatoka lisingerudi tena.

Tumbo la Aziza lilikaza, kwa nguvu kuliko siku zote, likaachia. Alijua hofu ile mpaka mwisho wake. Aliijua njia ya mchanga, na kanga, na ukimya baada yake. Hakuwa shujaa, na kama angepewa muda wa kufikiri pengine angenyamaza. Hakupewa.

"Fundi Sudi," alisema. "Zima gari. Mtolee Mwalimu boksi lake."

Hakupaza sauti, lakini wanaume walikuwa kimya wakisikiliza injini, kwa hiyo wote walisikia.

"Boksi gani?" aliuliza Ukasha.

Sudi alimtazama Matano. Emmanueli alipiga hatua moja mbele, akainua mkono kama anayetaka kushika kitu kinachoanguka, akaushusha. Na Matano alimtazama mkewe, mara ya kwanza tangu wafike. Aziza hakujua ataona nini katika macho yale. Hasira ilikuwepo, na hofu, na kitu kingine kama mtu aliyetuliwa mzigo asioutaka. Matano alikwenda kwa Ukasha akanyoosha kiganja, na Ukasha, kwa kushangaa tu, akamrudishia ufunguo. Sudi akazima injini. Matano akachukua spana mkononi mwa Sudi, akapiga magoti kwenye mchanga wenye oili, akaingiza kichwa chini ya dashibodi.

Ilichukua muda mfupi, lakini kila mtu aliona. Waliona kikasha kikitoka na nyaya zikining'inia. Waliona Mwalimu akifungua ndoo na mchele ukimeta ndani. Kichwani mwa Ukasha hesabu zilirudi nyuma: Kirongwe, Ndagoni, wiki na wiki, na lile gari moja likagawanyika kuwa mawili.

"Kumbe mapacha," alisema. "Na ubongo mmoja. Huyu akifikiri, mwenzake amelala."

Kicheko kilianza kwake kikaenea gereji nzima. Hakikuwa kibaya sana, walikuwa watu wanaojicheka nao pia kwa kudanganywa na macho yao wenyewe. Lakini afisa wa wilaya alikuwa ameshafuta alichoandika. Mtu wa hoteli aliuliza kama kweli hakuna boksi jingine kisiwa kizima, na Sudi, ambaye hakuweza kusema uongo akiangaliwa, akasema hakuna. Wakaondoka wawili watatu, wakiwasha magari yao ya kawaida, yaliyowaka yote.

Emmanueli alikaa juu ya tairi kuukuu. Macho yake yalikuwa mekundu, na hakuwa na hasira, na hilo lilimuumiza Aziza zaidi.

"Dada," alisema, "ilikuwa wiki moja tu."

"Na yeye ana hiyo hiyo moja."

Kijana alitazama viatu vyake. Baada ya muda alivivua, akakunja suruali, akaenda kumsaidia Matano kulisukuma gari hadi ukutani, mahali ambapo lingelala mpaka Jumamosi nyingine. Lilikuwa zito kuliko lilivyoonekana.

Aziza alipangusa kikasha kwa ncha ya kanga, pande zote, ingawa kilikuwa safi. Kilikuwa bado na joto la injini. Alikiweka ndani ya mchele, akakifunika kwa viganja viwili mpaka kikazama. Mwalimu Benedicta alimtazama akifanya hivyo, kisha akalitazama tumbo.

"Unatarajia lini, Mama Warda?"

"Mungu akipenda, wiki yetu."

Haisi ya Kirongwe ilianza kuita abiria. Mwalimu hakuondoka. Alisimama akimtazama kama anayengoja jambo, na Aziza alijua ni jambo gani. Sentensi ilikuwa imeshafika kooni: kaa karibu na simu, nikishikwa nikupigie, uje. Ilikuwa fupi. Mwalimu angeitika. Lakini kutoka Kirongwe hadi Ndagoni ni kisiwa kizima, na mtoto mwenye macho ya njano angebaki na nani, na zaidi ya hayo, ingekuwa kuomba.

Tumbo lilikaza tena. Aziza alingoja lipite, akachukua kitambaa cha jikoni, akafunga kifuniko cha ndoo kwa mafundo mawili ili mchele usimwagike njiani.